Waliokwenda Wasirudi: Habari za Waliofia Vitani na Haki ya Jamaa Zao

Utangulizi

Katika desturi za watu wa Pwani, kufiwa ni jambo la ukoo mzima na la kijiji kizima. Mtu akifa, habari hupelekwa kwa jamaa walio karibu na walio mbali, nao huuliza: alikufa lini, alikuwa akiugua nini, nani alikuwa naye alipokata roho, aliacha wasia gani, na amezikwa wapi. Maswali hayo si udadisi wa watu wasio na kazi. Ni sehemu ya maziko yenyewe, kwa maana msiba usiojulikana habari zake haumaliziki. Matanga hayawezi kuondoshwa ikiwa hayakuanza.

Makala haya yanahusu watu ambao jamaa zao waliuliza maswali hayo wasijibiwe: wapagazi na askari waliotoka katika nchi ambayo leo ni wilaya za Kibaha na Kisarawe, wakaingizwa katika vita vya wakoloni, wasirudi. Idadi ya waliokufa katika vita hivyo imekadiriwa mara nyingi na wataalamu. Lakini jumla ya waliokufa, hata ikihesabiwa sawasawa, si jibu kwa jamaa. Mama hakuzaa jumla. Alizaa mtoto mmoja, mwenye jina lake. Jambo la kusikitisha ni kwamba habari za wengi wao ziliandikwa na makarani wa majeshi, kisha zikakaa katika daftari na wala hazikuwafikia wenyewe. Kuzitafuta na kuzifikisha ni kazi ya utamaduni, na ni kazi ambayo shule zetu zinaweza kuifanya.

Msiba usiokuwa na kaburi

Yafaa kwanza tueleze hasara iliyoipata jamaa ya mtu aliyepotea vitani, kwa sababu watawala wa zamani hawakuielewa, au hawakutaka kuielewa.

Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya Kisarawe na Kibaha, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mpwa wake. Kijana alipotea, ukoo wa mama ulipungukiwa na mtu wa kurithi jina na kusimamia mambo ya ukoo. Kaburi nalo lilikuwa na heshima yake. Wachongaji wa Kizaramo walisifika kwa nguzo za mti walizochonga na kuzisimamisha makaburini, na baadhi ya nguzo hizo zimehifadhiwa katika makumbusho mpaka leo. Penye kaburi ndipo jamaa walipokwenda kufanya tambiko, kutaja majina ya wakubwa na kuomba heri. Mtu asiye na kaburi hakuwa na mahali pa kutajwa.

Dini ya Kiislamu, iliyokwisha kuenea sana Uzaramo wakati huo, ilileta masharti mengine. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi tangu kufa kwa mumewe. Lakini atahesabu tangu siku gani ikiwa siku ya kifo haijulikani? Mali ya marehemu hugawanywa kwa warithi wake. Lakini nani ataigawanya mali ya mtu ambaye labda yu hai katika nchi ya mbali? Hivyo mke wa aliyepotea alikaa katikati, si mjane wala si mke, na mashamba ya minazi yakabaki hayana mwenyewe anayetambulika. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kwa jamaa hawa mambo yalikuwa kinyume: mtu hayupo, lakini lake lipo, na hakuna awezaye kuligusa.

Vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi ya Uzaramo

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani. Zama hizo hapakuwa na wilaya iitwayo Kibaha. Sehemu kubwa ya nchi tunayoizungumzia iliitwa Uzaramo, na ilitawaliwa kutoka Dar es Salaam. Sehemu za kaskazini zilielekea Bagamoyo. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ilipita katikati ya nchi hiyo kwa njia ya Pugu, Soga na Ruvu. Kwa sababu ya reli, barabara na bandari, watu wa Uzaramo walikuwa karibu sana na mikono ya dola. Aliyehitaji watu wa kubeba mizigo hakwenda mbali kuwatafuta.

Watu hao walikuwa wameonja ukali wa serikali miaka michache kabla ya hapo. Wakati wa Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, baadhi ya Wazaramo waliungana na wenzao wa kusini. Jumbe Kibasila wa Kisangire alinyongwa na Wajerumani, na leo jina lake limepewa shule ya sekondari iliyoko Dar es Salaam. Tunamtaja hapa kwa sababu moja. Aliyekufa akipinga utawala wa kigeni alikumbukwa kwa jina lake na watu wake. Waliokufa miaka kumi baadaye wakiutumikia utawala huo, wengi wao kwa kulazimishwa, hawakupata bahati hiyo.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliingia kutoka kaskazini. Tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam ilitwaliwa. Wajerumani, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, walirudi nyuma kuelekea Rufiji na kusini, wakiharibu madaraja ya reli nyuma yao. Nchi ya Uzaramo ikawa njia ya majeshi. Kila upande ulichukua chakula, na kila upande ulichukua watu.

Msomaji wa leo huenda akashangaa kwa nini vita hivyo vilihitaji wapagazi wengi kiasi hicho. Sababu ni kwamba barabara za magari zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kila kipande cha chakula, kila sanduku la risasi na kila kifurushi cha dawa kilibebwa kichwani, mzigo wa kiasi cha kilo 25 kwa kila mtu. Wapagazi wenyewe walihitaji kula, na chakula chao kilihitaji wapagazi wengine wa kukibeba. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi na vibarua wapatao milioni moja katika muda wa vita hivyo. Walikusanywa kwa amri, kwa njia ya majumbe, na mara nyingine kwa kuviziwa vijijini usiku.

Kambi yao kubwa katika mji wa Dar es Salaam ilikuwa mahali panapoitwa Kariakoo. Jina hilo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili. Mkulima wa Kisarawe anayepeleka muhogo na nazi katika soko hilo leo hufikiri ni jina la soko tu. Kwa hakika ni kumbukumbu kubwa kuliko zote za wapagazi wetu, nayo haikujengwa na serikali yoyote; ilijengwa na midomo ya watu.

Wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Watu waliozoea mtama, wali au ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na mara nyingi hawakupata muda wala kuni za kuupika ukaiva. Mvua za mwaka 1917 zilikuwa kubwa mno; mto Rufiji ulifurika, njia zikawa matope, na wapagazi wakalala majini. Takwimu rasmi za Waingereza zilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wataalamu waliochunguza jambo hilo baadaye wanaona kwamba idadi ya kweli yakaribia 100,000 au kuizidi. Kwa upande wa Wajerumani, ambao pia walichukua watu kwa maelfu, hesabu kamili haikuwekwa.

Daftari zilizokuwapo na majina yasiyochongwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Mara nyingi imesemwa kwamba majina ya wapagazi na askari Waafrika hayakuandikwa kwa sababu hayakujulikana. Jambo hilo ni kweli nusu tu. Oscar Watkins, ofisa wa serikali ya Kenya aliyekiongoza kikosi cha wapagazi cha Waingereza, alisisitiza kwamba kila mpagazi aandikishwe na kupewa nambari, ili mshahara wake ulipwe, na akifa jamaa zake wapate haki yake. Kazi hiyo haikukamilika, hasa wakati watu walipochukuliwa kwa haraka mwaka 1917. Hata hivyo daftari zilikuwapo. Ushahidi mmoja ni kwamba baada ya vita ilijulikana kwamba kuna fedha nyingi za mishahara ya wapagazi ambazo hazikuchukuliwa na mtu. Maofisa wa Afrika Mashariki walizidai kwa faida ya wananchi, na Hazina ya Uingereza ikakataa kuzitoa. Serikali iliyoweza kujua kwamba mshahara wa mtu haujachukuliwa, iliweza pia kujua jina la mtu huyo.

Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita. Kanuni yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe la kaburi au juu ya mnara, bila kubagua cheo wala rangi. Katika Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa kwa uangalifu mkubwa. Katika Afrika Mashariki haikufuatwa. Ofisa wa Kizungu alipata jiwe lenye jina lake. Askari na wapagazi Waafrika walijengewa sanamu tatu za jumla, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, zisizo na jina hata moja. Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Horace Byatt, alitoa rai kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaliyokuwa Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori mapema iwezekanavyo. Sababu moja iliyotolewa na watawala ni kwamba Waafrika hawakuyajali makaburi. Wale waliosema hivyo walikuwa mwendo mfupi tu kutoka katika vijiji vya Wazaramo vyenye nguzo za kuchonga makaburini.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Mwanafunzi anayepita hapo anaweza kuyaona maandishi yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Mwandishi wake ni Rudyard Kipling. Maandishi hayo yanatoa ahadi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na wana wao. Yafaa tuitafakari ahadi hiyo. Serikali iliwaachia wana kazi ya kukumbuka majina, lakini haikuwapa wana hao orodha, wala tarehe, wala mahali pa kaburi. Ilikuwa kama kumtuma mtoto kisimani bila kumpa ndoo.

Karibu miaka mia moja ilipita kabla kosa hilo halijakiriwa. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo mrithi wa tume ile ya mwaka 1917, ilitoa ripoti juu ya ubaguzi katika kazi zake za zamani. Ripoti ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Januari 2025 mnara mpya ulizinduliwa Cape Town, Afrika Kusini, kwa ajili ya watu zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi vya nchi hiyo waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, kila mmoja kwa jina lake. Jambo lililosemwa zamani kwamba haliwezekani, limewezekana watu walipoamua kufungua daftari.

Keya, Uhabeshi na Bama

Katika Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1939 hadi 1945, Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia katika majeshi ya Waingereza, wengi wao katika jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana Uhabeshi na Waitaliani, wakapelekwa Bukini mwaka 1942, kisha Bama, ambako mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya Asia, mpaka ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba.

Safari hii utaratibu ulikuwa bora kidogo. Askari alikuwa na nambari, na jina la mtu wa kupewa habari. Akifa, habari ilitoka katika ofisi ya jeshi ikaja bomani, kutoka bomani ikaenda kwa liwali au jumbe, na jumbe akamwita baba au mjomba wa marehemu. Lakini habari yenyewe mara nyingi ilikuwa fupi mno: amekufa vitani. Mzee asiyejua Bama iko upande gani wa dunia alirudi nyumbani na neno hilo moja, akatakiwa alieleze kwa watu wa matanga.

Msiba mkubwa kuliko yote ulitokea baharini. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Watu wapatao 1,300 walikufa, na mamia yao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hakuna kaburi la kuonyesha. Bahari ndiyo kaburi. Hata hivyo majina ya askari hao yaliandikwa, nayo yamechongwa katika makaburi ya vita ya Nairobi. Kadhalika wale waliopotea katika misitu ya Bama majina yao yapo katika mnara mkubwa ulioko karibu na Yangon. Basi kuna jamaa katika nchi yetu ambazo jina la babu yao limechongwa mbali, nazo hazina habari.

Vita vya taifa huru

Taifa huru lilifuata njia nyingine, kwa sababu waliopigana walikuwa wake na waliwapigania watu wao. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wananchi waliitwa kulinda nchi yao, wanajeshi na mgambo, kutoka mikoa yote. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Mashujaa waliokufa walizikwa pamoja Kaboya, mkoani Kagera, na wengine waliofia Msumbiji walizikwa Naliendele, karibu na Mtwara. Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa huwakumbuka katika Siku ya Mashujaa.

Desemba 2017 askari wetu zaidi ya kumi waliokuwa katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa waliuawa kambini karibu na mto Semuliki, mashariki ya Kongo. Miili yao ililetwa nyumbani, ikaagwa Dar es Salaam kwa heshima zote, ikapelekwa makwao. Umoja wa Mataifa nao uliunda timu ya kuchunguza jinsi shambulio lile lilivyotokea. Kutaja jina, kurudisha mwili na kuchunguza sababu: mambo hayo matatu leo tunayaona kuwa ni wajibu usio na mjadala. Mpagazi aliyetoka Maneromango au Soga mwaka 1917 hakufanyiwa hata moja.

Lakini taifa huru nalo lina kazi yake. Kaboya ni mbali na Kibaha, na nauli ni ghali. Wako watoto wa mashujaa wa Kagera ambao sasa ni watu wazima wenye wajukuu, na hawajaliona kaburi. Wenzao waliopigana bega kwa bega na marehemu bado wako hai, lakini wanazeeka. Swali la jinsi alivyokufa linaweza kujibiwa leo na mtu aliyekuwapo. Miaka ishirini ijayo litajibiwa na karatasi peke yake.

Kazi ya mwalimu na wanafunzi

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioviona Vita vya Majimaji. Kazi hiyo, iliyosimamiwa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, ilibadilisha kabisa elimu ya vita vile, kwa kuwa iliwasikiliza wananchi wenyewe badala ya kutegemea ripoti za Wajerumani. Shule ya sekondari ya Kibaha au Kisarawe haishindwi kufanya kazi ya namna hiyo kwa kiasi chake. Tutaje mambo makuu ya kuzingatiwa.

Kwanza, jina. Mwanafunzi aandike majina yote ya marehemu: jina la utotoni, jina la utani, jina la dini, jina la baba, jina la ukoo na jina la jumbe wake. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Herufi l na r zilibadilishana, na jina la kijiji liliweza kugeuka likawa jina la mtu. Aidha asitafute neno Kibaha katika karatasi za zamani. Atafute Uzaramo, Bagamoyo au Dar es Salaam.

Pili, wakati. Wazee hawakosi tarehe, bali wana kalenda yao. Tuseme jamaa moja ina maneno haya tu: alichukuliwa Kariakoo, mvua ya gharika ikanyesha, hakurudi. Maneno hayo machache yana habari nyingi. Kariakoo inaonyesha kwamba alikuwa upande wa Waingereza, tena baada ya Septemba 1916. Gharika yaelekea kuwa ni mvua za mwaka 1917. Waliokuwa Kariakoo wakati huo walipelekwa Rufiji, au kwa meli mpaka Kilwa na Lindi. Sasa mtafutaji anajua jeshi gani, mwaka gani na upande gani wa nchi. Swali lililokuwa pana kama bahari limekuwa kama kisima.

Tatu, vitu. Nishani, kipande cha kazi, kitabu cha mshahara, barua iliyoliwa na mchwa, vyote vitazamwe kwa uangalifu na nambari zake zinakiliwe. Nambari ya askari ni bora kuliko jina lake, maana nambari haikosewi tahajia. Lakini vitu hivyo ni mali ya jamaa. Vinakiliwe na kurudishwa palepale.

Nne, mahali pa kuuliza. Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam zina karatasi za Wajerumani na za Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya. Tume ya Makaburi ya Vita hujibu maswali juu ya askari wa vita vyote viwili vikuu, na orodha yake huweza kutafutwa kwa jina au kwa nambari. Kwa mashujaa wa Kagera, mlango ni Jeshi la Wananchi lenyewe.

Tano, namna ya kutoa habari. Hili ndilo gumu kuliko yote. Anayeifikishia jamaa habari ya kifo, hata kifo cha miaka mia moja, ni mleta msiba, na yampasa adabu ya mleta msiba. Aende kwa mkubwa wa ukoo kwanza. Asiwatangazie watoto njiani. Atenge lililoandikwa na linalodhaniwa. Kama daftari lasema marehemu alikufa kwa kuhara damu katika hospitali ya wapagazi, aseme hivyo, wala asimzulie kifo cha kishujaa ili kuwafurahisha watu. Kufa kwa ugonjwa chini ya mzigo wa kulazimishwa si aibu ya marehemu. Ni aibu ya waliomlazimisha. Na kama hakuna lililopatikana, aseme pia kwamba limetafutwa halikuonekana, kwa maana jamaa waliotafutiwa wakakosa si sawa na jamaa wasiotafutiwa kamwe.

Jambo moja zaidi: asiahidi fedha. Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wachache wa zamani wa Lettow-Vorbeck waliokuwa wangali hai, na tangu hapo matumaini ya malipo yamewahi kutumiwa na wajanja kuwatoza wazee ada za uongo. Habari ya marehemu ni haki ya jamaa, nayo haiuzwi.

Hitimisho

Tumeona kwamba ubaguzi wa wakoloni haukukoma mtu alipokufa. Uliendelea kaburini, kwa kumnyima jina. Tumeona pia kwamba visingizio vilivyotolewa havikuwa vya kweli: watu wetu waliyajali makaburi, na daftari zilikuwapo. Leo mataifa mengine yameanza kufungua karatasi zao. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, akaomba msamaha kwa maovu ya Vita vya Majimaji, akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano wanaolitafuta fuvu la babu yao. Wazee hao walimtaja babu yao kwa jina, wakauliza aliko, kwa hiyo walisikilizwa.

Jamaa za Kibaha na Kisarawe nazo zina majina ya kutaja. Mengine yamo vinywani mwa bibi walioyapokea kwa mama zao, na kila msiba wa mzee hupunguza orodha hiyo. Utamaduni wa taifa ni ngoma, vinyago na mashairi, lakini pia ni namna taifa linavyowazika watu wake. Mwalimu atakayeanza na wanafunzi wake, kijiji kimoja na jina moja, atakuwa amelipa sehemu ya deni ambalo serikali za zamani zililiacha, na jamaa moja itaweza hatimaye kusoma hitima ikijua inamsomea nani, alikufa lini na yuko wapi.